Mzee Nzomo wa Ikutha, Msomaji

Tawa,
4 Machi 1973

Kwa Bi. Hasina Hassan, Kitui Mjini.

TANGAZO RASMI

Ofisi Kuu ya jarida la Mtondogoo, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, inawatangazia waandishi, wasomaji na wananchi kwa jumla kwamba kuanzia Ijumaa iliyopita imepata kiti cha pili. Kiti hicho kina miguu minne, mmoja ukiwa mfupi kidogo kwa sababu ambazo seremala hakutaka kuzieleza. Hakuna hotuba iliyotolewa. Seremala mwenyewe alikikalia kwanza, akanywa chai yangu, akaenda zake.

Sasa yale mambo madogo.

Hadithi yako ya "Redio ya Kesho" nimeipokea na nimeipiga kwenye stensili ya kutolea nakala kwa vidole vyangu viwili. Mimi ni fundi wa redio, Bi. Hasina. Watu wameniletea redio za kila aina, wakitaka zishike Nairobi, zishike Mombasa. Hakuna aliyewahi kuniletea redio inayoshika kesho. Pale redio inaposoma matangazo ya vifo vya kesho, na watu wanafika matangani mapema, wanamkuta marehemu anapalilia mahindi, naye kwa adabu anaweka jembe chini na kuwapikia chai, hapo nilicheka mpaka mteja akabeba redio yake akaenda kwa fundi mwingine.

Nimeiweka mwisho kabisa wa jarida, kama kawaida yako. Hadithi yako huwa naiweka nyuma ili msomaji apitie kwanza maelezo yangu ya kutunza betri. Angeikuta mbele, betri asingezisoma kamwe.

Ila kuna barua tena kutoka kwa yule Mzee Nzomo wa Ikutha, kuhusu toleo lililokwisha kutoka. Naitoa kama ilivyo:

"Mhariri. Nimesoma. Mwanzo mzuri. Katikati pazuri. Mwisho mtu anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Toleo lililopita aliamka. Lile la kabla yake aliamka. Watu wa huyu dada wanalala sana. Kwani huko Kitui hakuna kazi? Ni mimi Nzomo, karibu na josho la ng'ombe, Ikutha."

Ni mtu mkali. Mimi nisingethubutu kusema hivyo. Lakini ulifikirie.

Wako,
Mulei,
Mhariri Mkuu


Kitui,
2 Aprili 1973

Bwana Mhariri,

Hongera kwa kiti. Mama aliniona nacheka barua mkononi akataka kujua nani ananiandikia. Nikamwambia ni mtu amenunua kiti. Akasema, "Basi huyo hana neno," akarudi jikoni.

Mwisho wa ile redio nimeuandika upya, uko ndani ya bahasha hii. Sasa haamki mtu. Redio inataja jina la mwenyewe aliyeishika, naye anaisogeza sikioni na kusema, "Hii sauti iko chini kidogo," anaanza kuzungusha kile kitufe. Basi, imeishia hapo. Muulize Mzee Nzomo kama huyo naye amelala.

Barua yake nimeibandika ukutani, juu ya cherehani yangu hapa barazani. Wateja wananiuliza ni hirizi? Bwana Mhariri, watu wa nyumbani nikiwapa hadithi wanasema "nzuri, nzuri," na karatasi bado imekunjwa. Huyu hakusema nzuri. Kwa hiyo amesoma.

Jambo lingine. Jarida lenye mwandishi mmoja linafanana na barua ndefu. Nimemshawishi kaka yangu Abdulatif, ambaye yuko hapa dukani kwa baba anauza vitambaa, na Bibi Tima, mamake mama. Hadithi zao ni hizi. Ya Abdulatif inahusu mbuzi wanaopelekwa mwezini kwa sababu huko hakuna kupe. Ya Bibi inahusu mto uliochoka kungojewa ukahama na mchanga wake. Usishangae miandiko kufanana na wangu. Abdulatif ana shughuli nyingi na Bibi macho yamepungua. Wao wanasema, mimi naandika.

Wasalaam,
Hasina


Kitui,
10 Novemba 1975

Bwana Mhariri,

Toleo la karibuni limefika, limeloa kona moja lakini linasomeka. Huko Tawa bado wanadhani Mtondogoo ni jina la mtu? Waambie tena: kuna kesho, kuna kesho kutwa, kuna mtondo, halafu ndiyo mtondogoo. Ni siku tu. Hatujaifikia.

Nimefurahi Mzee Nzomo amempenda Abdulatif. "Huyu kijana anajua mbuzi," amesema. Nimefurahi zaidi ya Abdulatif mwenyewe. Mimi lakini ameniambia mwisho wangu wa safari hii "umefungwa kama gunia la mkaa, kamba nyingi, na juu bado unamwagika." Nimeusoma mwisho ule tena, na kweli unamwagika.

Sasa nisikilize. Baba amechoka, anataka mimi ndiye nishike duka. Abdulatif anapenda zaidi kusafiri na mizigo. Kaunta hiyo nikiikalia, hadithi zimekwisha. Siwezi kupima vitambaa na kupima mto unaohama. Wote wananiambia niache, kwa upole, na upole ndio unaoniumiza. Nimewaambia kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kunidanganya kuhusu kazi yangu. Nitamwendea nimuulize uso kwa uso. Mzee Nzomo akisema niendelee, nitaendelea. Akisema niache, nitaacha na sitamnung'unikia mtu.

Abdulatif anashuka Ikutha wiki ya kwanza ya Desemba, siku ya soko, kununua mbuzi wa Idi. Nitafuatana naye. Usimwandikie Mzee kumwarifu. Namtaka kama alivyo.

Hasina


Tawa,
17 Novemba 1975

Shemeji Muthama,

Salamu kwako na kwa dada yangu Mbinya. Huku tuko salama. Mvua imekuja nusu na nusu nyingine imeisahau njiani.

Shemeji, nina shida, na shida iko kwenu. Unamkumbuka marehemu baba yako, Mzee Nzomo, alivyokuwa hawezi kupewa kitu asikitafutie kasoro? Siku mlipokuja kwetu kwa habari ya Mbinya alikataa mchuzi wetu, akakataa vigoda vyetu, akatazama juu akasema kivuli chetu kina matundu. Mungu amweke pema.

Nilipoanzisha jarida sikupata barua hata moja ya msomaji. Jarida bila barua ni kama redio isiyo na mkwaruzo, unajua tu kwamba imekufa. Nikaandika barua mwenyewe. Na sauti iliyokuja kichwani ilikuwa ya baba yako. Nikatia jina lake na josho lenu. Ilikuwa iwe mara moja. Lakini mimi kama Mulei nikitaka kumwambia Bi. Hasina kwamba mwisho wake haufai, kalamu inakauka. Nikiwa Nzomo, simwogopi mtu.

Sasa anakuja kumwona. Atakuwa na kaka yake Abdulatif, naye mwandishi, yule wa mbuzi wa mwezini. Shemeji, huyu dada ndiye anayeandika kama mtu aliyekwenda mbele akarudi kutusimulia. Akigundua Nzomo ni mimi, atajua sifa na lawama zote zilitoka mfukoni mwangu, na ataikalia ile kaunta mpaka azeeke.

Nakuomba uwe Nzomo kwa nusu saa. Vaa koti lako refu. Lalamika kidogo. Mwishowe mwambie aendelee.

Shemeji yako,
Mulei


Ikutha,
26 Novemba 1975

Shemeji,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Kwanza mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kusimama sokoni niseme mimi ni baba yangu. Halafu hapa nani hanijui? Hata mbuzi wananijua. Na ungeniuliza mapema ningekwambia marehemu hakuwa anasoma, hata ubao wa duka alikuwa anasomewa. Umempeleka shule akiwa kaburini. Sikatai, labda ndiyo amepata nafasi.

Kitu naweza kufanya ni hiki. Nitamwambia mzee hayupo. Huo si uongo, hayupo tangu sabini na moja.

Magazeti yako yananifika, asante sana. Karatasi yake ni nzuri, nyororo, haitoboki upesi. Usiibadilishe. Chafya zangu bado. Mbinya anataka niende hospitali, lakini mimi najua ni vumbi la mbuzi tu. Mtoto ni mzima, anatusumbua nyumba nzima.

Shemeji yako,
Muthama


Kitui,
9 Desemba 1975

Ndugu Mulei,

Nimemwona Mzee Nzomo.

Soko lilikuwa limejaa. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza kamba za katani kama anamjua Mzee Nzomo wa karibu na josho, mtu wa kulalamika. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Huyo! Nani hamjui? Jana ametugombeza hapa wote. Yuko kwa Muthama. Fuata njia hii, utamsikia kabla hujafika."

Nilikuwa nimevaa buibui jipya, Ndugu Mulei, kwa ajili yake.

Kwa Muthama tulipokewa na mama wa nyumba. Nikamwambia nimetoka Kitui kumwona Mzee Nzomo. Akafurahi sana. "Karibuni, kaeni. Mzee ameamka sasa hivi, bado hajatulia." Akageukia mlango. "Baba! Njoo, una wageni!"

Akatoka. Ana miaka mitatu. Alikuwa na shati, suruali hakuna, na gunzi la mahindi mkononi.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenu mtoto akipewa jina la babu anapewa na heshima yake yote. Dada yako anamwita Baba. (Ndiyo, najua ni dada yako. Ngoja.) Hawezi hata kumchapa, kwani nani amewahi kumchapa baba mkwe?

Nilikuwa nimetoka mbali, siwezi kurudi bila neno. Nikachutama. "Mzee," nikamwambia, "nasikia hupendi miisho yangu. Niache hadithi nishike duka?"

Alinitazama vizuri, toka juu hadi chini.

"Sitaki," akasema, akanitupia gunzi.

Saa hiyohiyo mwenye nyumba akaingia mbio kutoka sokoni, anapiga chafya, koti refu linapepea. "Dada, pole sana, mzee hayupo!"

"Yupo," Mbinya akasema. "Si huyu hapa?"

"Yule mwingine!"

"Yule mwingine si tulizika?"

Muthama akaona maji yanamfika shingoni. Akamgeukia kaka yangu, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Na wewe ndiye Abdulatif! Ile hadithi yako ya mbuzi wa mwezini, lo, imetuchekesha!"

"Hadithi gani?" Abdulatif akasema. "Mimi nimekuja kununua mbuzi wa hapahapa duniani."

Mzee Nzomo peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema, alikuwa analilia gunzi lake.

Mbinya alileta uji, akambana mumewe mpaka akaeleza yote, na alipomaliza nikawaeleza yangu. Na wewe nakueleza sasa, usije ukajiona mjanja peke yako. Abdulatif hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko jina la mteja. Bibi Tima alifariki kabla mimi sijajua kusoma. Wasomaji wote ni wewe, na waandishi wote ni mimi. Jarida lote hili, pamoja na jina lake kubwa, ni watu wawili wanaodanganyana kwa stensili.

Nilitaka kukasirika. Nilianza vizuri kabisa, pale kwenye lori, katikati ya mbuzi. Lakini Abdulatif akaniuliza, "Hiyo hadithi yangu ilikwishaje?" Nikamsimulia. Akauliza tena, "Na huko mwezini wanakunywa nini?" Nikasema umande. "Mbuzi gani anatosheka na umande?" Tulibishana mpaka Kitui. Kesho yake alimwambia baba kwamba duka atalishika yeye, mimi niachwe nifikirie habari ya maji.

Kuhusu ahadi yangu: nilisema nitafuata neno la Mzee Nzomo. Neno lake lilikuwa "sitaki." Nimeamua alikuwa anazungumzia duka.

Baada ya Idi nitakuja Tawa kukiona hicho kiti. Na nina masharti. Kuanzia sasa mhariri ni mimi. Wewe utaandika hadithi, uone utamu wake.

Hasina


Tawa,
20 Desemba 1975

Mhariri Mkuu Hasina,

Kiti kimefutwa vumbi. Mguu mfupi nimeuwekea kigae.

Sina la kujitetea. Nilipofika pale pa gunzi nilifunga duka la redio siku hiyo. Nilitaka kujua tu: yale ya gunia la mkaa, ulijua tayari kwamba ni mimi?

Mulei,
Mwandishi (anayeanza)


Kitui,
3 Julai 1984

Mwandishi Mulei,

Sikujua. Umeniuliza tena kwa mara ya tisa au ya kumi, na jibu ni lilelile.

Hadithi yako ya "Kisima Kilichojibu" nairudisha. Watu wako hawalali, hilo nakupongeza, lakini msomaji wako atalala. Kata kurasa za mwanzo zote mpaka pale ndoo inapotoka na sauti ndani yake. Hapo ndipo ulipoanza kuandika, kabla yake ulikuwa unatafuta kalamu.

Toleo hili tusilipige. Watu huku wanatafuta unga, si karatasi, na Abdulatif dukani anagawa zaidi ya anavyouza. Mvua ikirudi tutarudi. Mtondogoo si siku ya mbali kiasi hicho.

Wachapishaji fulani wa Nairobi wameniandikia. Wanataka hadithi zangu ziwe kitabu, ila wanasema miisho iangaliwe upya. Nimecheka peke yangu. Miaka yote hii, na Nzomo bado ana ndugu kila mahali.

Hasina


Ikutha,
14 Mei 1990

Kwa Mhariri, Jarida la Mtondogoo.

Shikamoo Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi, niko nyumbani kwa likizo. Naitwa Nzomo Muthama. Mama anasema ulishawahi kuja kwetu nikakurushia gunzi. Naomba unisamehe, sikumbuki.

Kwetu kuna sanduku la magazeti yenu, tangu yale ya zamani kabisa. Baba ameyatunza. Likizo hii nimeyasoma yote na nina maoni.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba hadithi zako hazina mwisho. Vitabu vya shule vinamaliza kila kitu, unafunga kitabu unasahau. Zako mtu anasikia redio ikianza kutaja jina, na basi. Mto umefika njia panda, na basi. Mara nyingine umeachia hata katikati ya sentensi! Nilikuwa nakwenda kuchunga mbuzi nikijiuliza siku nzima ni jina gani redio ilitaja. Nimeanza kuandika zangu kwa mtindo huohuo. Ninaambatisha moja. Haina mwisho.

Ni mimi msomaji wako,
Nzomo, karibu na josho, Ikutha


Kitui,
28 Mei 1990

Mulei,

Nakutumia barua ya Ikutha. Isome ukiwa umekaa, kwenye kile kiti kizuri, si kile cha kigae. Nimeikagua kwanza kama si mwandiko wako. Si wako. Huyu anajua kuandika.

Unaona? Nzomo wa kweli amekuja, na amekuja kusema kinyume cha yule wako! Nimevunjika mgongo na miisho kwa ajili ya lile gunia lako la mkaa, na hapa kuna mtu aliyeona kwamba hadithi zangu ziko wazi mwishoni kama mlango. Alivyoziona yeye ndivyo nilivyotamani siku zote ziwe. Nadhani zilikuwa hivyo na mimi ndiye sikujua. Sijui tu hiyo sentensi iliyoachiwa katikati ni ipi, lakini nimefurahi kuwa niliiandika.

Nimewaandikia watu wa Nairobi. Kitabu cha pili, kila hadithi itolewe ukurasa wake wa mwisho. Wameshtuka, lakini wamekubali. Wanasema ni jambo jipya.

Ya kijana inatoka toleo lijalo. Nyuma kabisa, mahali pangu.

Hasina


Ikutha,
11 Juni 1990

Shemeji Mulei,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi ni wazima. Nzomo amerudi shuleni, anaringa kwa sababu jina lake litatoka gazetini.

Kuhusu swali lako la yale magazeti: kurasa za mwisho nilikuwa nafungia ugoro. Usimwambie Mbinya.

Shemeji yako,
Muthama,
Mzee wa Kanisa